Castilla, timu iliyofungiwa milango na kanuni

Tarehe 4 Juni 1980, katika uwanja wa Santiago Bernabéu jijini Madrid, fainali ya Kombe la Mfalme wa Hispania iliwakutanisha Real Madrid na Castilla, yaani klabu moja ilicheza fainali dhidi ya kikosi chake chenyewe cha akiba. Real Madrid walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa ligi chini ya kocha Vujadin Boškov. Castilla walikuwa vijana wa daraja la pili ambao mwanzoni mwa msimu hakuna mtu aliyewafikiria hata kwa robo fainali. Real Madrid walishinda 6-1. Juanito alifunga mara mbili, huku Santillana, Sabido, Del Bosque na García Hernández wakifunga bao moja moja, na bao pekee la Castilla likatiwa wavuni na Álvarez katika dakika za mwisho, wakati matokeo yalikuwa yameshafika 4-0.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kioja, kitu cha kuchangamsha mazungumzo kabla ya mechi kubwa, kisha watu huendelea na habari nyingine. Mimi naona hakijatendewa haki. Nimeifuatilia historia ya Castilla kwa muda mrefu, na kadiri ninavyozidi kuisoma ndivyo ninavyoamini kwamba hii ni timu kamili, yenye ushindi wake na machungu yake, ambayo mara mbili ilifika mahali ambapo uwezo wake ulikuwa mkubwa kuliko ruhusa iliyopewa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1980, na mara ya pili mwaka 1984. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa, na timu iliyokuwa ikishindana ikaanza kutazamwa kama ghala la kutunzia wachezaji.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa jambo hili, ni lazima kwanza aelewe mfumo wa Hispania, kwa kuwa haufanani na ule tuliouzoea. Hapa Tanzania, timu za vijana za Simba, Yanga au Azam hukutana zenyewe kwa zenyewe katika ligi ya vijana, na huko Uingereza hali ni hiyo hiyo: vijana wa Arsenal hucheza na vijana wa Chelsea, wote wakiwa wa rika moja, katika mashindano yasiyo na hatari ya kumshusha mtu daraja. Hispania imechagua njia nyingine. Kikosi cha pili cha klabu kubwa huingizwa katika ngazi zile zile za ligi ambamo klabu nyingine zote zimo, kikapanda na kushuka kama wengine, kikasafiri hadi miji midogo yenye viwanja vya nyasi chakavu, na kukutana na mabeki wa miaka 33 ambao mshahara wao wa mwakani unategemea kama timu itabaki daraja au haitabaki. Kijana wa miaka 18 anayepita hapo hujifunza mambo ambayo hakuna mazoezi yanayoweza kumfundisha.

Sharti kuu ni moja: kikosi cha akiba hakiwezi kuwa katika daraja moja na kikosi mama. Kikitwaa ubingwa wa daraja la pili wakati kikosi mama kiko la kwanza, hakipandi, na nafasi hiyo huenda kwa timu inayofuata. Kinyume chake ni kikatili zaidi. Mwaka 2012 Villarreal walishuka kutoka daraja la kwanza, na kikosi chao cha pili, ambacho kilikuwa kimecheza vizuri vya kutosha kubaki daraja la pili, kikashushwa hadi la tatu ili kumpisha mkubwa. Wachezaji wale walikuwa wameshinda vita vyao uwanjani, wakaadhibiwa kwa kushindwa kwa watu wengine.

Asili ya Castilla yenyewe haikuwa ndani ya Real Madrid. Mwaka 1930 wafanyakazi wa kampuni ya bima iitwayo Plus Ultra walianzisha klabu ya ridhaa jijini Madrid, nayo ikachukua jina la kampuni hiyo. Klabu ilikua polepole katika madaraja ya chini, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikafungamana na Real Madrid kwa makubaliano ya kulea wachezaji wa klabu hiyo. Mwaka 1949 ilikuwa imefika daraja la pili. Miguel Muñoz, ambaye baadaye angeiongoza Real Madrid kwa takriban miaka 14 mfululizo, alianzia kazi ya ukocha hapo Plus Ultra. Ramón Grosso, mshambuliaji aliyekuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Ulaya (leo Ligi ya Mabingwa) mwaka 1966, naye alipita humo.

Mwaka 1972, Plus Ultra ikiwa taabani kifedha, Real Madrid ilianzisha klabu mpya ya kushika nafasi yake, na tarehe 21 Julai mwaka huo Castilla Club de Fútbol ikazaliwa. Ilikuwa mali ya Real Madrid, lakini kisheria ilikuwa klabu yenye jina lake. Hilo ni jambo la kuzingatia. Mchezaji wa Castilla hakuwa anavaa jezi ya timu B ya mtu. Alikuwa anacheza katika klabu iliyokuwa na haki ya kuingia Kombe la Mfalme kama klabu nyingine yoyote.

Na ndivyo ilivyokuwa msimu wa 1979/80. Kocha alikuwa Juanjo, na kikosi kilijaa vijana: Agustín langoni, Castañeda na Casimiro nyuma, Ricardo Gallego katikati, Pineda na Paco na Cidón mbele. Walianza na timu za madaraja ya chini, ambazo waliziondoa bila kelele. Kisha wakakutana na Hércules ya daraja la kwanza, wakaitoa. Wakakutana na Athletic Bilbao, wakatoka sare nyumbani na kwenda kushinda San Mamés, uwanja ambao hata mabingwa walikuwa wakiuogopa. Baada ya hapo walipangwa na Real Sociedad, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Real Sociedad ya msimu ule ndiyo iliyokuwa imepoteza mechi moja tu ya ligi mwaka mzima, ikakosa ubingwa mbele ya Real Madrid kwa pointi moja. Ilikuwa na Arconada langoni na Zamora katikati, na mwaka uliofuata ilitwaa ubingwa wenyewe. Timu hiyo ilitolewa na kikosi cha akiba.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Sporting Gijón, walioshika nafasi ya tatu katika ligi msimu huo wakiwa na Quini, mmoja wa wafungaji hatari zaidi Hispania. Mkondo wa kwanza kule Gijón, Castilla walipoteza 2-0, na kila mtu mwenye akili timamu angesema safari imeishia hapo. Waliporudi Bernabéu walishinda 4-1. Timu nne za daraja la kwanza zikawa zimeondolewa moja baada ya nyingine, mbili kati yake zikiwa zimemaliza ligi katika nafasi ya pili na ya tatu. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani Castilla walifika fainali kwa bahati ya ratiba. Ratiba gani hiyo yenye bahati?

Kufungwa 6-1 fainali kulileta neema ambayo waliotunga kanuni hawakuwa wameifikiria. Real Madrid walikuwa mabingwa wa ligi, hivyo walikwenda Kombe la Ulaya. Nafasi ya mshindi wa kombe katika Kombe la Washindi la Ulaya ikamwangukia aliyefungwa fainali. Kikosi cha akiba cha daraja la pili kikawa mwakilishi wa Hispania barani Ulaya, jambo ambalo halijawahi kurudiwa nchini humo.

Wapinzani waliopangiwa walikuwa West Ham United ya London, ambayo nayo ilikuwa imetwaa Kombe la FA mwezi Mei 1980 ikiwa daraja la pili, kwa kuifunga Arsenal 1-0 kwa kichwa cha Trevor Brooking. Hivyo timu mbili za daraja la pili zilikutana katika mashindano ya pili kwa heshima barani Ulaya. Tarehe 17 Septemba, Bernabéu, David Cross alitangulia kuwafungia Waingereza, lakini kipindi cha pili Castilla waligeuza mchezo, Paco, Balín na Cidón wakafunga na matokeo yakawa 3-1. Jukwaani mambo yalikuwa mabaya. Baadhi ya mashabiki wa West Ham walifanya vurugu, na UEFA ikaamuru mechi ya marudiano ichezwe bila watazamaji.

Mechi hiyo ya tarehe 1 Oktoba kule Upton Park, uwanja wa West Ham, ni miongoni mwa mechi za ajabu ambazo mpira wa Ulaya umewahi kuzishuhudia. Idadi rasmi ya watu waliokuwemo uwanjani ilikuwa 262, wengi wao wakiwa viongozi, waandishi wa habari na wafanyakazi wa uwanja. West Ham walifunga mara tatu kabla ya mapumziko kupitia Pike, Cross na Goddard, na jumla ikawa 4-3 kwa upande wao. Kipindi cha pili Bernal akafunga kwa shuti la mbali na kusawazisha jumla kuwa 4-4, kila upande ukiwa na bao moja la ugenini, hivyo hata kanuni ya mabao ya ugenini haikuweza kuwatenganisha. Ukaja muda wa nyongeza. Cross, ambaye alikuwa mshambuliaji mzoefu wa miaka 29, alifunga mara mbili zaidi, na Castilla wakatolewa kwa jumla ya 6-4. West Ham waliendelea hadi robo fainali, ambako walitolewa na Dinamo Tbilisi, waliokuja kuwa mabingwa wa kombe lile.

Mara nyingi huwa najiuliza ingekuwaje kama Castilla wangefunga bao la nne kule Bernabéu. Lakini hata bila bao hilo, vijana wale walikuwa wamewalazimisha mabingwa wa Kombe la FA, timu ambayo mwisho wa msimu huo ilipanda daraja ikiwa kinara, kucheza dakika 210 ili kuwaondoa.

Na hatima ya baadhi yao inaonyesha kwamba hawakuwa wa kubahatisha. Agustín, kipa aliyefungwa mabao sita na Real Madrid katika fainali ya 1980, chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa kipa wa Real Madrid hiyo hiyo katika fainali ya Kombe la Ulaya jijini Paris dhidi ya Liverpool, na Pineda akaingia kutokea benchi katika mechi hiyo. Walifungwa 1-0, bao la Alan Kennedy zikiwa zimesalia dakika chache. Gallego akawa kiungo wa Real Madrid na wa timu ya taifa kwa miaka mingi. Ambao hawakupanda hawakumbukwi sana, nami naona ni dhuluma, kwa kuwa San Mamés na Gijón walicheza wote.

Mwaka 1983 Castilla ilikuwa mikononi mwa Amancio Amaro, winga wa zamani aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Ulaya ya 1966. Katika fainali ile alicheza pamoja na beki aitwaye Manuel Sanchís. Sasa, miaka 17 baadaye, Amancio akawa anamfundisha mtoto wa beki yule, Manolo Sanchís, pamoja na Emilio Butragueño, Míchel, Rafael Martín Vázquez na Miguel Pardeza. Novemba 1983 mwandishi wa gazeti la El País aliwapa vijana hao watano jina la Quinta del Buitre, yaani kizazi cha Tumbusi, kutokana na jina la utani la Butragueño, na jina likawaganda hadi leo. Wakati makala ile inachapishwa, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mchezaji wa kudumu wa kikosi cha kwanza. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia wachezaji wa daraja la pili, na watu wa Madrid walikuwa wakijaza Bernabéu kuwatazama vijana.

Alfredo Di Stéfano, aliyekuwa kocha wa kikosi cha kwanza, hakuweza kuendelea kuwatazama kwa mbali. Tarehe 4 Desemba aliwaanzisha Sanchís na Martín Vázquez ugenini kwa Murcia, wote wakiwa na miaka 18, na Sanchís akafunga bao pekee la mechi. Tarehe 5 Februari 1984 ikawa zamu ya Butragueño. Real Madrid walikuwa nyuma 2-0 huko Cádiz, akaingizwa kutokea benchi, akafunga mawili, na mechi ikamalizika kwa ushindi wa 3-2.

Kinachonigusa zaidi ni kile kilichotokea kwa Castilla baada ya kunyang'anywa watoto hao katikati ya msimu. Timu nyingine yoyote ingepoteza mwelekeo. Castilla waliendelea, Míchel akiwa ndiye injini ya kiungo, na mwisho wa msimu wakatwaa ubingwa wa daraja la pili. Nafasi ya pili ilishikwa na Bilbao Athletic, kikosi cha akiba cha Athletic Bilbao. Bingwa na makamu bingwa, wote wakazuiwa kupanda. Nafasi tatu za kupanda daraja zikaenda kwa Hércules, Racing Santander na Elche, waliomaliza nyuma yao. Haijawahi kutokea tena, na naelewa kwa nini sheria iko vile: ligi haiwezi kuwa na timu mbili za tajiri mmoja, moja ikacheza na nyingine siku ya mwisho ya msimu wakati ubingwa uko mezani. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba wachezaji waliomaliza kileleni baada ya mechi 38 walistahili kitu zaidi ya kupeana mikono.

Historia ya Quinta ndani ya kikosi cha kwanza inajulikana na sitaichimba sana: Kombe la UEFA mwaka 1985 na 1986, kisha mataji matano ya ligi mfululizo kuanzia 1986 hadi 1990. Pardeza alijijengea jina Zaragoza. Kombe la Ulaya liliwapiga chenga, isipokuwa Sanchís, aliyebaki muda mrefu hadi akalitwaa mwaka 1998 akiwa nahodha na tena mwaka 2000, na hivyo kurudia alichofanya baba yake mwaka 1966.

Mlango wa kwanza ulifungwa msimu wa 1990/91. Tangu wakati huo timu za akiba haziruhusiwi kucheza Kombe la Mfalme. Mlango wa pili ulifungwa mara tu baada ya hapo, Shirikisho la Soka la Hispania lilipobana klabu zilizokuwa na vikosi vya pili vyenye majina na hadhi ya kujitegemea. Castilla ikafutwa kama klabu, ikamezwa na Real Madrid, na kwa miaka mingi ikajulikana kama Real Madrid B.

Hoja za kubadilisha kanuni za kombe nazifahamu. Fainali ya 1980 ilikuwa imeacha swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu kwa uhakika: je, kikosi cha akiba kikikutana na kikosi mama, kitacheza kwa nguvu zote? Aliyetazama mechi ile hakuwa na namna ya kujua. Hata hivyo, dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Ingetosha kuweka kanuni kwamba timu mbili za klabu moja zisipangwe upande mmoja, au kwamba ya akiba isivuke hatua fulani, au isipewe nafasi ya kwenda Ulaya. Badala yake walifuta mechi zote za namna ile, pamoja na zile za San Mamés ambazo hazikumdhulumu mtu yeyote.

Miaka ya timu B ilikuwa ya baridi, ingawa haikukosa watu. Vicente del Bosque, yule yule aliyefunga katika fainali ya 1980, alikuwa ameifundisha Castilla mwishoni mwa miaka ya 1980. Rafael Benítez, ambaye alicheza humo akiwa kijana, aliifundisha katikati ya miaka ya 1990. Msimu wa 1996/97 alikuwepo mvulana kutoka Douala aitwaye Samuel Eto'o. Timu iliposhuka hadi daraja la tatu mwaka 1997, kanuni za daraja hilo hazikuruhusu wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, hivyo Eto'o akapelekwa kwa mkopo Leganés. Real Madrid haikumtumia ipasavyo, akaondoka, na baadaye akafunga katika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa akiwa na Barcelona, mwaka 2006 na 2009. Kushuka daraja kwa timu B, ambako magazeti ya Madrid hayakukulilia sana, kulimtoa nje ya nyumba mmoja wa washambuliaji bora ambao Afrika imewahi kuwatoa.

Jina la Castilla lilirejeshwa mwaka 2004, na mwaka uliofuata timu ikapanda daraja la pili chini ya Juan Ramón López Caro. Kati ya 2004 na 2007 walipita hapo Arbeloa, Soldado, Borja Valero, De la Red, Granero, Negredo na Juan Mata. Tazama orodha hiyo halafu ujiulize ni wangapi walidumu Real Madrid. Mata aliondoka mwaka 2007 kwenda Valencia bila kucheza hata dakika moja ya mashindano katika kikosi cha kwanza, na miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa dunia, yeye na Arbeloa, chini ya Del Bosque. Hao ndio wengi. Kijana wa Castilla huwa analelewa kwa ajili ya Getafe, Valencia, Sevilla au klabu ya nje, na hapo ndipo anapokomaa.

Mwaka 2006 timu ilipata nyumba mpya huko Valdebebas, kaskazini mashariki mwa jiji, katika uwanja uliopewa jina la Alfredo Di Stéfano. Ulizinduliwa tarehe 9 Mei mwaka huo kwa mechi dhidi ya Stade de Reims, wapinzani wa fainali ya kwanza ya Kombe la Ulaya ya mwaka 1956. Unachukua watu wapatao 6,000. Janga la korona lilipofunga viwanja, na Bernabéu ikiwa inakarabatiwa, kikosi cha kwanza kilihamia hapo kikacheza msimu mzima wa 2020/21, na kwa mara moja katika historia mkubwa akawa mgeni katika nyumba ya mdogo.

Kuhusu Valdebebas ipo picha moja ninayoipenda. Ni ya Mei 2004, siku ya kuweka jiwe la msingi. Mzee Di Stéfano yupo, na pembeni yake yupo mtoto wa miaka 12 aliyechaguliwa kuwakilisha akademia. Mtoto huyo ni Dani Carvajal. Alikua, akafika Castilla, na mwaka 2012 alikuwa sehemu ya kikosi cha Alberto Toril kilichorudi daraja la pili, pamoja na Nacho, Joselu, Morata, Jesé na Lucas Vázquez. Hakupewa nafasi juu. Aliuzwa Bayer Leverkusen kwa takriban euro milioni 5, akacheza msimu mmoja mzuri sana, na Real Madrid ikamrudisha kwa milioni 6.5 kwa kutumia kipengele cha mkataba kilichoiruhusu kumnunua tena. Morata naye aliuzwa Juventus mwaka 2014 kwa milioni 20 na kurudishwa mwaka 2016 kwa milioni 30. Hii ndiyo biashara ya Castilla siku hizi: kijana huuzwa akiwa bado hajaiva, klabu ikabaki na haki ya kumrudisha, na gharama ya kukosea ikawa ndogo.

Ninaelewa mantiki yake, lakini nadhani imewafanya wengi wasione kilichotokea mwaka 2024. Tarehe 8 Mei, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Real Madrid walikuwa wanafungwa nyumbani na Bayern München dakika zikiyoyoma. Joselu, aliyeondoka Castilla mwaka 2012 na kuzunguka klabu nyingi kabla ya kurudi kwa mkopo akitokea Espanyol iliyoshuka daraja, aliingia na kufunga katika dakika ya 88 na ya 91. Katika fainali ya Wembley tarehe 1 Juni, Carvajal alifunga kwa kichwa na Vinícius Júnior akaongeza la pili. Kombe likapokewa na nahodha Nacho. Vinícius, ingawa alinunuliwa kwa fedha nyingi kutoka Brazili, naye aliwahi kuvaa jezi ya Castilla mwaka 2018, na katika mechi dhidi ya Atlético Madrid B alifunga mawili kisha beki wa wapinzani akamng'ata kichwani. Kwa hiyo wafungaji wote wawili wa Wembley, mfungaji wa nusu fainali na nahodha walikuwa wamepita katika kikosi kile kile. Katika vibanda umiza vyetu usiku ule jina la Castilla halikutajwa.

Makocha nao wameifanya Castilla kuwa ngazi yao. Zidane alianza hapo mwaka 2014, na msimu wake wa kwanza hakuingia hata mchujo wa kupanda daraja. Januari 2016 akapandishwa, akatwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Solari alifuata njia hiyo hiyo mwaka 2018 kwa mafanikio madogo. Raúl alikaa miaka sita, kuanzia 2019 hadi 2025, akisubiri mlango ambao haukufunguka. Mwaka 2023 alifika fainali ya mchujo wa kurudi daraja la pili, ambalo Castilla walikuwa wameshuka kutoka kwake mwaka 2014, na akatolewa na Eldense, klabu ya mji mdogo wa Elda. Wachezaji wa Eldense walishangilia hadi wakalia, na walikuwa na haki.

Kutoka katika timu ya Raúl alipatikana Gonzalo García, mshambuliaji ambaye katikati ya mwaka 2025 alipelekwa Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu na kumaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao manne. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa akicheza daraja la tatu, mbele ya watu elfu chache, dhidi ya timu ambazo hutazisikia zikitajwa redioni. Kama kanuni za 1980 zingekuwepo, angekuwa pia amekwisha kucheza Kombe la Mfalme dhidi ya timu za daraja la kwanza akiwa na Castilla, na Hispania isingengoja hadi Julai kumfahamu. Shirikisho lina uwezo wa kuufungua mlango huo bila kugusa chochote katika ligi. Raundi tatu za mwanzo zingetosha.